Mama mdogo akikutana na mtihani wa mantiki

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 25, nimemaliza chuo, naishi kwa wazazi wangu Tandahimba. Nimeitwa kwenye usaili wa kuandika mara tatu, na mara zote nimeishia kwenye mchujo. Mfululizo wa namba napata, asilimia napata, ila maswali ya ukoo yananimaliza. Kuna moja silisahau. Lilikuwa la Kiingereza, na maana yake ni hii: Hamisi anaonyesha picha ya mwanamke, anasema, 'Mama yake ana watoto wawili tu, yeye na mama yangu.' Je, huyo mwanamke ni nani kwa Hamisi? Majibu ya kuchagua yalikuwa mother, aunt, sister na grandmother. Nikachagua mother, nikaambiwa nimekosa. Mwalimu, kwani mama mdogo si mama? Na haya maswali mtu anajifunzaje? Niyafikirie kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba hukubahatisha. Ulifikiri, tena ulifikiri kwa mpangilio. Naweza hata kuziona hatua zako. Mama wa yule mwanamke ndiye mama wa mama yake Hamisi, yaani bibi. Basi huyu na mama yake Hamisi ni watoto wa tumbo moja. Ni mama mdogo au mama mkubwa. Mpaka hapo hujakosea kitu. Ukarudi kwenye majibu, ukaiona aunt, kichwani ukaigeuza kuwa shangazi. Shangazi ni dada wa baba, na huyu katoka upande wa mama, kwa hiyo hawezi kuwa shangazi. Ukaifuta. Katika yaliyobaki ukatafuta lenye mama ndani yake, ukakuta mother.

Kosa lako ni moja tu, nalo si la mantiki. Ni la tafsiri. Nimefundisha vijana wengi wa huku kwetu, na nimeona kosa hilohilo kwa watu wenye akili nzuri kabisa, wengine wakiwa na shahada ya hesabu. Ndiyo maana nataka kulijibu swali lako kwa urefu.

Aunt si shangazi. Ni neno linalombeba shangazi, mama mkubwa, mama mdogo, mke wa mjomba, na mke wa baba mdogo au baba mkubwa. Watu hao nyumbani kwenu kila mmoja ana heshima yake na nafasi yake kwenye shughuli, lakini kwenye karatasi ya mtihani wanavaa kanga moja. Uncle ni hivyohivyo: mjomba yumo, baba mdogo yumo, baba mkubwa yumo, mume wa shangazi yumo, mume wa mama mdogo naye yumo. Cousin ndiyo kubwa kuliko zote, maana inawakusanya watoto wa hao wote, wa kike na wa kiume bila kubagua. Ukiandika kwamba mtoto wa mama yako mkubwa ni brother, umesema kweli ya Tandahimba, lakini msahihishaji atakukata alama.

Kuna habari moja ya maneno haya ambayo huwa nawaeleza wanafunzi wangu, kwa sababu ikishaingia haitoki. Warumi wa kale walikuwa na maneno manne, kama sisi: patruus kwa kaka wa baba, avunculus kwa kaka wa mama, amita kwa dada wa baba na matertera kwa dada wa mama. Kiingereza kikapokea mawili tu kupitia Kifaransa. Uncle ilitokana na avunculus, neno la mjomba. Aunt ilitokana na amita, neno la shangazi. Kwa hiyo tafsiri yako ingekuwa sahihi kabisa kama ungefanya usaili zamani za Warumi! Ila maneno hayo yalipovuka yaliachia mipaka yake, yakabebeshwa hata watu wengine ambao mwanzo hayakuwahusu.

Wala usidhani kumwita dada wa mama "mama" ni uzembe wa lugha yetu. Mmarekani Lewis Henry Morgan alichapisha mwaka 1871 ulinganisho mkubwa wa majina ya ukoo ya mataifa mengi duniani. Kwa Iroquois, wenyeji wa asili wa eneo la New York, alikuta kaka wa baba ni baba, dada wa mama ni mama, na watoto wao ni ndugu zako, ila watoto wa mjomba na wa shangazi wana jina lao la peke yao. Soma tena sentensi hiyo, mwanangu. Hiyo si ndiyo baba mdogo, mama mdogo, ndugu na binamu? Watu walio mbali nasi hivyo, na mpango ni uleule. Kwa hiyo unapoingia kwenye mtihani usiingie na aibu kwamba lugha yako ina kasoro. Ingia ukijua kwamba kuna mipango miwili ya kuhesabu ndugu, yote ina akili, na mtihani umeandikwa kwa mmoja.

Huo mpango wa mtihani unaangalia kitu gani? Unaangalia kizazi: mtu yuko juu yako, sawa na wewe, au chini yako. Unaangalia jinsia, isipokuwa kwenye cousin. Na unaangalia kama uhusiano ni wa damu au wa ndoa, lakini hapo nako hauko makini, kwa kuwa mke wa mjomba ni aunt sawa na shangazi mwenyewe. Upande wa baba au wa mama hauujali, mpaka swali liseme waziwazi maternal au paternal. Ukubwa na udogo wa umri haujali kabisa.

Sisi tunaanza na upande. Na sisi wa kusini tunaanza nao kuliko wengi. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua wamehesabu ukoo kwa mama tangu enzi, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake: kuozwa, mashamba, misiba, kesi. Hata leo ambapo mambo mengi yamebadilika, posa ikifika Newala au Masasi bado kuna mtu atauliza, "Wajomba wamesemaje?" Mtoto aliyekua kwenye mazungumzo ya namna hiyo tayari anajua kupanda kwa mama, kwenda kwa mama wa mama, kisha kuteremka kwa mtoto wa kiume wa huyo bibi. Huo ni mnyororo wa hatua tatu, na wewe umeufanya kichwani tangu hujaanza shule. Uwezo unao. Kinachokuangusha ni jina unalolibandika mwishoni.

Jambo la pili lisemwe polepole, kwa kuwa ndipo watu wanapopoteza alama bila kujua zimepotelea wapi. Kiswahili hakionyeshi jinsia kwenye "yake". Chukua mtihani unaosema hivi kwa Kiingereza: her only brother is my father. Ukitafsiri unapata "kaka yake pekee ni baba yangu". Sasa chukua mwingine unaosema his only brother is my father. Tafsiri yake? "Kaka yake pekee ni baba yangu." Sentensi ya Kiswahili ni ileile, wakati jibu la kwanza ni aunt na la pili ni uncle. Herufi zilizoleta tofauti zilikuwa kwenye her na his, na wewe umezimwaga njiani wakati unatafsiri. Son na daughter nazo tunapenda kuzitamka "mtoto" tukiwa na haraka, tunamwaga tena. Kwa hiyo kalamu yako iguse karatasi kabla akili haijatafsiri. Kila unapoona her, his, son, daughter, wife, weka alama ya jinsia hapohapo, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Kuhusu mahali pa kuanzia, lugha zinapishana tena. Kiingereza hupenda kuanza na mimi: my mother's brother's son, yaani kwangu, kwa mama, kwa kaka yake, kwa mtoto wake. Kiswahili humaliza na mimi: mtoto wa kaka wa mama yangu. Ukigeuza katikati ya safari utajikuta unatembea kinyumenyume. Dawa ni ndogo. Tafuta "yangu" au my popote ilipo, weka msemaji hapo, utembee kutoka kwake neno kwa neno.

Sasa njia yenyewe. Mimi nafundishia barazani hapa Mikindani, na nimeacha kuanza na karatasi. Naanza na mkeka. Msimu wa korosho, korosho ghafi hazikosekani nyumbani, na komwe za bao zipo siku zote. Korosho ni mwanaume. Komwe ni mwanamke. Kokoto ni mtu ambaye hatujaambiwa jinsia yake. Njiti ya kiberiti ikilala kati ya wawili, hao wameoana. Miraba ya mkeka ndiyo vizazi: wazee juu, watoto chini. Ukiwa kwenye chumba cha usaili unabadilisha vifaa tu, pembetatu kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, alama ya kuuliza kwa asiyejulikana, vistari viwili kwa ndoa, mstari wa kuteremka kwa kuzaa.

Katika mchoro huo pana mambo mawili tu, kuzaa na kuoana. Hakuna mstari wa "shangazi". Hakuna mstari wa "shemeji". Kila jina la undugu lazima livunjwe mpaka lirudi kwenye kuzaa na kuoana. Dada wa C ni mwanamke aliyezaliwa na waliomzaa C. Baba mkwe wa C ni mwanaume aliyemzaa mwenzi wa C. Ukizoea kuvunja hivyo, swali refu linakuwa safari fupifupi nyingi.

Ngoja nikupe tukio. Kijana mmoja alinijia akiwa na swali hili: A ni mama wa B. B ni dada wa C. D ni mtoto wa C. E ni kaka wa D. Je, B ni nani kwa E? Nikampa korosho, komwe na kokoto, nikanyamaza. Akaweka komwe juu, huyo ni A. Chini yake komwe, huyo ni B. Pembeni ya B akaweka korosho, huyo ni C. Nikamuuliza, "Nani kakuambia C ni mwanaume?" Akalirudia swali kwa sauti, taratibu. Akaiangalia ile korosho kama mtu aliyeikuta mfukoni mwake bila kujua imeingiaje. Akaitoa, akaweka kokoto. Hakuna mstari wowote uliosema C ni mwanaume. Alikuwa amesikia "B ni dada wa C", na masikio yetu yameshazoea kwamba mtu mwenye dada ni kijana wa kiume.

Tukaendelea. D ni kokoto, E ni korosho, wote wako chini ya C. B yuko kizazi cha juu ya E, ni mwanamke, ni ndugu wa mzazi wa E. Jibu ni aunt, na lina uhakika kabisa. Kisha nikamuuliza kwa Kiswahili, B ni nani kwa E? Akafungua mdomo, akafunga. Kama C ni baba, B ni shangazi. Kama C ni mama, B ni mama mkubwa au mama mdogo, na hata hapo hatujui nani alitangulia kuzaliwa. Swali lenye jibu moja kwa Kiingereza, kwa Kiswahili halina jibu! Akacheka kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amekiona kitu chenyewe. Toka siku ile hakukosa tena swali la aina hiyo mbele yangu.

Utasema, lakini kwenye chumba cha mtihani nina dakika moja kwa swali, nitachora saa ngapi? Mchoro wa watu watano unachukua sekunde ishirini mkono ukizoea. Kinachokula muda ni kurudiarudia kusoma. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika kwamba akili ya mtu hushikilia kwa wakati mmoja vitu kama saba, vizidi viwili au vipungue viwili. Sasa hesabu: watu sita, jinsia zao, vizazi vyao, nani kaolewa na nani. Umeshapita saba zamani. Anayekuambia anafanya yote kichwani ama amezoea miaka mingi, ama anabahatisha.

Tazama sentensi hii moja uone msemaji anavyoweza kugeuza jibu. Somoe anasema kumhusu Bakari: "Mama yake ni binti pekee wa mama yangu." Anza kwenye "yangu". Mama wa Somoe ana binti mmoja tu. Somoe ni mwanamke, basi binti huyo ni Somoe mwenyewe. Bakari ni mwanawe. Sasa mweke Issa aseme maneno hayohayo bila kubadilisha hata nukta. Binti pekee wa mama yake si yeye, ni dada yake. Bakari ni mpwa wake, na Issa ni mjomba. Neno "pekee" ndilo linalofanya kazi yote. Ukikutana nalo kwenye swali, lipigie mstari, kwa kuwa mtunzi hakuliweka kwa mapambo: kwa kawaida ndilo linalomrudisha msemaji ndani ya picha.

Maswali ya familia nzima huja hivi. Kuna watu sita, vizazi vitatu, ndoa mbili. A ni baba wa C. B ni mke wa C. D ni bibi wa F. E ni kaka wa F. Chora. A korosho juu, C chini yake, na C ni mwanaume kwa kuwa ana mke, basi korosho. B komwe pembeni yake na njiti katikati. F yuko chini, kwa kuwa ana bibi. E ni korosho pembeni ya F. Ndoa ya kwanza ni ya B na C. Ya pili ni ya nani? Amebaki D juu, mwanamke, na A juu, mwanaume. Ni wao. Kwa hiyo B ni mke wa mtoto wa D, tuseme mkazamwana, na kwa Kiingereza daughter-in-law. Kisha mtunzi anauliza, wanaume ni wangapi? A, C na E ni watatu. F ni kokoto. Hakuna aliyesema F ni wa kiume au wa kike. Jibu ni kwamba taarifa hazitoshi, na jibu hilo likiwepo kwenye machaguo lichague bila woga. Wengi hulikimbia wakidhani ni la mtu aliyeshindwa. Ni jibu kamili kama mengine, na kokoto iliyobaki mkekani ndiyo ushahidi wake.

Jina la mtu nalo lisikudanganye. Huku kwetu ukisikia Somoe unajua ni mwanamke, sawa. Lakini mitihani mingi hutumia herufi, au majina ya nchi nyingine. Mazoezi mengi ya mtandaoni yametungwa kwa ajili ya mitihani ya ajira ya India, ambako maswali haya ni mada kamili, na mtu wa Lindi hawezi kujua kwa jina tu nani ni mwanaume. Kama sentensi haikutaja, ni kokoto.

Hayo mazoezi ya India yana pia maswali ya alama: P + Q maana yake P ni baba wa Q, P − Q maana yake P ni mke wa Q, P × Q maana yake P ni kaka wa Q. Kisha unaambiwa K − L + M × N. Usiogope alama, si hesabu. K ni mke wa L, L ni baba wa M, M ni kaka wa N. Chora kama kawaida. K ni mama wa N. N ni kokoto.

Shemeji na wifi zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kiingereza kina brother-in-law na sister-in-law, na zote mbili zinaangalia jinsia ya anayetajwa. Wifi yetu inaangalia jinsia ya wote wawili: ni mwanamke na mwanamke, mke wa kaka yangu au dada wa mume wangu, nami ni mwanamke. Shemeji haituambii hata kama anayetajwa ni wa kiume au wa kike. Kwa hiyo ukitafsiri sister-in-law kuwa shemeji umepoteza jinsia, na ukitafsiri kuwa wifi umemfanya msemaji kuwa mwanamke bila idhini ya mtunzi. Ukiona in-law, usitafsiri. Chora njiti ya kiberiti.

Lipo jingine linalowasumbua watu wazima zaidi, wale walioyaona maisha. Wananiuliza, "Mwalimu, lakini baba si anaweza kuwa na mke mwingine? Huyu kaka huenda ni wa baba mmoja, mama mbalimbali." Ni kweli, na kwenye familia zetu ni jambo la kila siku. Lakini dunia ya mtihani ni nyembamba. Humo kila mtu ana ndoa moja, na ndugu ni wa baba mmoja mama mmoja, mpaka swali liseme vinginevyo. Babu anayemwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" kwa utani, au mama anayemwita mwanawe "baba" kwa kuwa amepewa jina la babu, hao hawamo. Vitu hivyo vinapendeza, viache nje ya mlango wa chumba cha usaili, utavikuta ukitoka.

Sasa swali lako la mwisho, ufikirie kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni usifikirie kwa majina ya lugha yoyote. Soma kwa lugha ya swali, chora kuzaa na kuoana, na jina liwe kitu cha mwisho kabisa, ukilichukua moja kwa moja kwenye machaguo yaliyo mbele yako. Mbele ya picha ya Hamisi ungechora bibi juu, komwe mbili chini yake, Hamisi chini ya mojawapo. Ungemtazama yule mwanamke: kizazi kimoja juu, mwanamke, hakunizaa, amezaliwa pamoja na aliyenizaa. Mtihani unamwitaje mtu wa namna hiyo? Aunt. Shangazi hangepata hata nafasi ya kuingia kichwani akuvuruge.

Mazoezi yaanze na familia yako mwenyewe, kwa wiki mbili, robo saa kila jioni. Chukua daftari, mchore bibi mzaa mama na wote waliotoka kwake, uwaandike kwa herufi badala ya majina. Kisha tunga sentensi za kimtihani juu yao, umpe mdogo wako azivunje. Anayetunga hujifunza kuliko anayejibu, kwa sababu analazimika kuamua ataficha nini. Ukifika kwa wajomba utaona jinsi Kiingereza kinavyowachanganya na baba wadogo, na utaacha kushangaa.

Nakuachia moja ya kujipima. Mtu anamnyooshea kidole kijana na kusema: "Mama wa yule ni mke wa mtoto pekee wa mama mkwe wangu." Sikukuambia anayesema ni mwanaume au mwanamke. Weka kokoto, anza kwenye "wangu". Mama mkwe ana mtoto mmoja tu, basi mtoto huyo ndiye mwenzi wa msemaji. Mwenzi huyo ana mke, kwa hiyo ni mwanaume. Basi msemaji ni mwanamke: toa kokoto, weka komwe. Mke wa huyo mwanaume ni yeye mwenyewe, na yule kijana ni mwanawe wa kumzaa.